Mstari Mwekundu wa Prefe

Prefe hakuwa na gome. Nasema ile gome ya wanafunzi, ya kufutia penseli. Katika biro yetu, yaani ofisi yetu ya pale Bunia, ukitoa gome kwenye mkoba wako, alikuwa anaichukua kwa vidole viwili, anaitia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na ndiyo kwaheri. Siku tulipofukuzwa pale kopo lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Mtu akikosea kuandika, sheria ilikuwa moja: chukua lati, ile mbao ya kunyooshea mistari, chukua kalamu nyekundu ya biki, piga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili kilichokuwapo kiendelee kusomeka. Kisha andika la kweli juu yake, na pembeni weka saini yako.

"Kosa ni ya kwako," alikuwa anasema. "Usiitupe. Kesho mutu atakuja kuiuliza."

Tulimwita Prefe kwa sababu alikuwa prefe kweli, mkuu wa shule ya sekondari, kabla vita haijafunga shule na askari hawajapasua madawati yake kupikia maharagwe. Jina lake nalijua lakini sitaliandika. Hata mke wake alimwita Prefe. Alizaliwa wapi, ukoo gani, msiniulize. Bunia ya miaka ile swali la ukoo lilikuwa linaulizwa na watu wenye mapanga mkononi, na mimi nimebaki nalichukia. Nitasema upande huu na upande ule, inatosha. Anayejua anajua.

Biro yenyewe ilikuwa ya kutafuta watu. Vita ilikuwa imetawanya familia za Ituri: baba yuko Beni, mama yuko kambini karibu na uwanja wa ndege, mtoto yuko Mambasa kwa watu asiowajua. Shirika moja la msaada lilituletea ordinateri mbili, yaani kompyuta, na jeneretere, na ndani ya ile ordinateri kubwa mlikuwa na kitu walichokiita anyuere, yaani kitabu cha majina. Kila mtu na fishi yake, ukurasa wa habari zake. Anayetafuta ana fishi, anayetafutwa ana fishi, aliyepatikana ana fishi. Siye waandishi tulikuwa tunaingiza maneno. Prefe ndiye alikuwa mlinzi wa mashini, na hakuna aliyemfundisha. Alipewa kitabu kinene cha Kiingereza, lugha asiyoijua, akakaa nacho na kamusi mpaka wakaelewana.

Fishi ya kwanza niliyoingiza kwa mikono yangu ilikuwa ya mdogo wangu Neema. Tulikuwa watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali, na mama yake alikuwa wa upande ule. Miaka kumi na sita, mwanya kwenye meno ya juu, kovu la mafuta ya moto kwenye mkono wa kushoto. Chini kabisa fishi ilikuwa inauliza: mlitengana namna gani? Nikaandika: Tulipotezana njiani.

Prefe alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasoma.

"Mbele ilikuwa namna gani?" akauliza. Mbele, kwetu, ni kabla, ni kile kilichotangulia.

"Mbele tulikuwa tunatembea, Prefe. Kwenye njia ya Bogoro. Watu walikuwa wengi."

"Haya," akasema, akaenda kuangalia mafuta ya jeneretere.

Hiyo sentensi yangu ya njiani muishike vizuri. Nitairudia.

"Mbele ilikuwa namna gani" lilikuwa swali lake la kila kitu. Mama aliyetupikia akibadilisha chakula, Prefe anasimama mlangoni mwa jiko: mbele ilikuwa namna gani? "Mbele ilikuwa maharagwe, Prefe, na leo ni sombe, na kesho ukiniuliza tena utakula lile kopo lako la gome!" Tunacheka mpaka tunalia. Yeye hacheki. Anatikisa kichwa, ameridhika, kwa sababu amejibiwa. Ukimwambia fulani ameoa, atauliza. Ukimwambia bei ya chumvi imepanda, atauliza. Mtu wa kuchosha, nisiwadanganye. Kuna siku nilikuwa namkimbia kabisa nikiwa na habari mpya.

Lakini swali hilo ndilo alilolipeleka ndani ya mashini, na hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanza.

Tatizo lilikuwa hili. Kitabu cha majina kinakuonyesha leo tu. Ukibadilisha fishi, mtoto alikuwa Mambasa, sasa yuko Beni, mashini inaandika Beni na Mambasa inapotea kama haikuwapo kamwe. Prefe alipoligundua hilo alishika kichwa. "Hii mashini iko na gome ndani!" alipiga kelele. "Wameniletea gome ya kilo makumi mbili!"

Akaanza kuchimba kwenye kile kitabu chake, akakuta kwamba mashini inaweza kuamriwa iandike jurnali ya mabadiliko: kila kitu kinachobadilika kinapewa namba yake kwa mpangilio, na tarehe, na jina la aliyebadilisha, na fishi gani, na kilichofanyika, kuongeza au kurekebisha au kufuta. Ofisi ya wenzetu kule Beni haikuhitaji kusoma kitabu kizima kila juma. Walikuwa wanasema tumeishia namba fulani, na Prefe anawapelekea kwa ndege disiketi yenye namba zinazofuata tu.

Alifungua jurnali siku ya Jumatatu, akaniambia nifute fishi moja ya majaribio tuone. Nikafuta. Tukafungua jurnali. Imeandika: fishi namba hii imefutwa, na aliyefuta ni mimi. Basi. Ndani ya fishi mlikuwa na nini, hakuna neno. Prefe alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa.

"Inasema mutu amekufa, haisemi alikuwa nani," akasema. Akarudi kwenye kamusi siku tatu. Alikuwa anakula amesimama. Siku ya nne akapata mstari mmoja wa kuongeza kwenye karatasi ya mpangilio ya mashini, wa kuiambia ihifadhi pia thamani ya zamani pembeni ya ile mpya. Akauandika, akazima mashini, akaiwasha, akaniita. Nikabadilisha jina la majaribio. Jurnali ikaonyesha yote mawili, la kale na jipya, na mimi pembeni kama saini. Ile siku Prefe alinunulia biro nzima maandazi. Ni mara moja tu nilimwona anacheza, hatua mbili, mabega tu, katikati ya nyaya.

Msidhani alikuwa na akili ya kila kitu. Kitabu kilimwambia achague jurnali ikae siku ngapi kabla ya kujisafisha. Yeye akaandika: isijisafishe. Mimi nilikuwepo, nikamwuliza, na haitajaa, Prefe? Akaniangalia kwa macho ya prefe, yale ya wanafunzi waliochelewa. Baada ya miezi michache ikajaa kweli, na mashini ikakataa kupokea hata jina moja, na nje foleni ya watu wamesimama kwenye jua tangu asubuhi. Mama mmoja alikuwa ametembea siku mbili. Badala ya kupunguza jurnali, Prefe alikwenda kwa miguu kwenye kambi ya kofia za bluu, askari wa Umoja wa Mataifa, kuomba diski nyingine, akarudi nayo saa tisa ndani ya shati. Nilimkasirikia. Yule mama alikuwa amelala chini kwenye vumbi, na Prefe anabembeleza makosa ya zamani yasipate baridi!

Alikuwa mtu wa namna hiyo, wa pande mbili. Alitaka kila badiliko la kila mtu liandikwe, na yeye mwenyewe hakuna aliyejua analala nyumba gani. Vita ilipokaza, alikuwa anahama kila juma, na ukimwuliza, mbele ulilala wapi Prefe, anajibu, "Hiyo haiko ya registre." Alichukia uwongo wa mwanafunzi hata mdogo, lakini askari wa kizuizi alikuwa anawadanganya bila kupepesa jicho. Na ndiye aliyeanzisha kazi ya majina ya pili.

Kazi hiyo ilianza hivi. Mji ulikuwa unabadilisha wenyewe kila mara, leo upande huu, kesho upande ule, na kila anayeingia alikuwa anataka orodha. Siku moja Prefe alituita, akasema tangu sasa mstari wa kabila unatoka kwenye fishi zote. Tukautoa. Na watu waliojificha katika nyumba za upande mwingine, majina yao yanabadilishwa. Alikuwa anatukatia vipande vya karatasi: namba ya fishi, jina jipya, hakuna kingine. Siye tunaingiza bila kuuliza huyu ni nani. Kwenye disiketi za Beni alikuwa anapeleka jina jipya peke yake. La zamani lilibaki kwenye jurnali, chini ya neno la siri alilolijua yeye tu.

Nakumbuka nilikuwa naongea na karatasi zile ili siku ipite. Moja ilikuja na jina Mapendo. "Mapendo," nikasema kwa sauti, "jina zuri, mama, Mungu akulinde." Prefe alikuwa karibu. Akageuka, akaniangalia muda mrefu, akaenda zake.

Juma lile lile alinisimamisha karibu na jeneretere, ambapo hakuna anayeweza kusikia.

"Mudogo yako iko muzima," akasema.

Nikamshika shati. Wapi? Kwa nani? Anakula? Akanitoa mikono, pole pole.

"Iko na jina ingine. Haiko hapa mujini. Usiniulize tena. Kitu haujui, hakuna mutu atakupiga ukitoe."

Nilimbariki siku ile. Nilipika wali, nikampelekea. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu: vita itaisha, Prefe atanipa jina, nitakwenda kumchukua Neema.

Aliyekuja kuharibu yote alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Mtu mzima sasa, amevaa koti la ngozi kwenye jua, wanamgambo waliokuwa wameshika mji mwezi ule walimpa kazi ya usalama. Aliingia mchana na watu wanne wenye bunduki, akavua kofia mbele ya Prefe. Kweli, alivua kofia.

"Bonjour, Prefe."

"Bonjour. Kaa."

Akataka orodha. Prefe akamtolea kwenye karatasi, yote, kurasa na kurasa, bila kubisha. Yule mtu akasoma kwa utulivu. Majina tu. Hakuna kabila, hakuna kijiji cha asili. Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu nikijidai nachapa, na vidole vyangu vilikuwa vinapiga herufi moja tu. Nikasema moyoni, tumepona.

Yule mtu akaweka karatasi chini, akatabasamu. Aliinua macho juu ya kabati, kwenye lile kopo.

"Prefe," akasema, "siye ulitufundisha miaka sita. Ulinipiga fimbo juu ya gome, unakumbuka? Karatasi hii ni safi sana. Mistari nyekundu iko wapi?"

Ni mimi ninayewaambia: mtu mwingine yeyote angechukua zile karatasi na kwenda. Wenzake wanne walikuwa tayari mlangoni. Ni yule tu, katika Bunia nzima, aliyejua kwamba Prefe hawezi kufuta.

"Iko ndani ya mashini," Prefe akasema. Hakujaribu hata kukana. "Ngoja nifungue."

Akakaa. Akaandika neno lake la siri. Yule mtu alisimama nyuma yake, lakini ile ilikuwa skrini nyeusi ya maneno ya Kiingereza, na kitabu na kamusi vilikuwa kwa Prefe peke yake. Nilimwona akisimamisha mashini. Nilimwona akiandika amri fupi, na mkono wake ukabaki hewani juu ya kidude cha mwisho. Nilijua amri ile, ya kufuta jurnali yote. Mkono ule ulikuwa umekusanya gome za watu maisha yake yote. Akabonyeza.

"Inaonyesha nini?" yule mtu akauliza.

"Zero," Prefe akasema. "Tunaanzia zero."

Walimpiga kwa vitako vya bunduki pale pale, kichwani na mabegani, na yule mwanafunzi wake alikuwa analia huku anapiga, ananitisha mpaka leo nikimkumbuka. Wakachukua ordinateri zote mbili na jeneretere, wakatufukuza pale. Siye tukamfunga Prefe kichwa kwa kanga yangu. Kitu cha kwanza alichosema alipofungua macho kilikuwa namba ya fishi. Halafu jina la zamani. Halafu jina jipya. Halafu namba inayofuata. Alikuwa ameweka jurnali yote ya majina ya pili kichwani, watu arobaini na kitu, kama alivyokuwa anaita majina ya shule nzima bila kuangalia daftari, na sasa alikuwa anahakikisha kama hawajaivunja.

Vita ilipopoa, alinunua registre kubwa ya shule, daftari la kuitia majina, akaandika yote upya kwa mkono. Kisha akaanza kutembea. Kwa miguu, nyuma ya moto-taxi, pikipiki za kukodi, juu ya magunia ya malori. Alikuwa anagonga mlango wa familia inayotafuta, anakaa, anakunywa chai, anauliza swali lake, mbele ilikuwa namna gani, wanamweleza, naye anawapa jina na mahali. Watu walikuwa wanampigia magoti barabarani. Arobaini na kitu, wote akawamaliza.

Isipokuwa wangu.

Nilikwenda mara ya kwanza na kuku. Akanipokea vizuri, akauliza: mbele ilikuwa namna gani? Nikamwambia, Prefe, uliisoma mwenyewe, tulipotezana njiani. "Yako bado," akasema. Bado nini? Mwaka uliofuata nikaenda tena. Swali lile lile, jibu lile lile, "Yako bado." Nikaanza kusadiki kwamba wale watu walivunja pale pale tu kichwani mwake, mahali pa Neema, na mzee anaona haya kusema amesahau. Mara ya tatu nilimtukana. Nilimwambia, ulilinda makosa ya dunia nzima na ukapoteza mtoto mmoja, mdogo wangu, weye ni gome kuliko gome zote. Mke wake alinitoa nje. Nilikaa miaka mingi bila kukanyaga kwake, na nikikutana naye sokoni nilikuwa nabadilisha njia.

Mwaka huu, mvua ya kwanza, mke wake alinijia dukani. Nina duka dogo la vitambaa. Hakutaka hata kukaa.

"Majina inamutoka," akasema. "Jana aliniita kwa jina ya dada yake. Leo amekutaja weye mara mbili. Kama uko na neno naye, mama, kuja leo."

Nilifunga duka na vitambaa bado nje.

Alikuwa kwenye kiti cha plastiki barazani, blanketi magotini, amekuwa mdogo. Registre ilikuwa mapajani, lati na biki nyekundu juu yake. Nilimwamkia kwa heshima, papa Prefe, akaniangalia kwa muda, nikaogopa kwamba nimechelewa. Halafu macho yakanipata.

"Mama wa Mapendo jina zuri," akasema. Sikuelewa. Akavuta pumzi. "Mbele ilikuwa namna gani?"

Nilifungua mdomo niseme tulipotezana njiani. Neno lilikuwa tayari, nilikuwa nimelisema miaka yote hiyo mpaka limelainika. Nikamwangalia yule mzee anayeniuliza kwa kichwa kinachobomoka, na kesho pengine hakitauliza. Sijui niwaambie nini kingine. Nikakaa chini sakafuni, nikasema.

Kulikuwa na kizuizi. Kamba imefungwa kuvuka barabara, na wanaume wanatenganisha watu, hawa huku, hawa kule. Nilikuwa nimemshika Neema mkono. Uso wa Neema ulikuwa wa mama yake. Mmoja akamvuta, akaniuliza, huyu ni wako? Nikafungua vidole. Nikasema: simujui. Akauliza tena, na Neema ananiangalia, nikasema tena: simujui huyu. Hakulia. Hakuniita yaya, yaani dada mkubwa, wala hata jina langu. Alifunga mdomo wake asije akaniharibia. Nikapita chini ya kamba, nikaenda, sikugeuka.

Nililia kama mtu aliyepigwa. Prefe aliacha nilie. Halafu akaanza kusoma, lakini registre ilikuwa imefungwa, alikuwa anasoma hewani, sauti ya prefe wa zamani, neno kwa neno, maneno ambayo Neema mwenyewe aliyasema alipoandikishwa na Prefe kwa siri.

"Pale kwenye kamba kulikuwa mama mumoja anauza maandazi. Simujui, hanijui. Akasema, muachie, huyo ni mutoto yangu. Wakaniachia. Yaya yangu akinitafuta, mumuulize kwanza mbele ilikuwa namna gani. Akisema, mumupe jina yangu. Asiposema, mumuache."

"Ulijua," nikamwambia. "Tangu siku ile ya jeneretere ulijua! Si ungeniambia tu niseme?"

"Ungesema sababu ya kupata jina tu," akajibu. "Lakini labda nilikosea, mwanangu. Miaka ni mingi. Kila ulipoenda nilikuwa nasema, mara ingine nitamupa tu. Lakini jina haikuwa ya kwangu. Labda nilikosea."

Nilitaka kumchukia na nikashindwa, na mpaka sasa sijamaliza.

Akafungua registre. Ukurasa wangu ulikuwapo, kwa mwandiko wake: Tulipotezana njiani. Akanipa lati. Nikapiga mstari mmoja mwekundu, mwembamba, na uwongo wangu bado unasomeka chini yake, yeyote atausoma. Juu yake nikaandika: Nilisema simujui. Nikaweka saini. Yeye akachukua biki, akaweka yake pembeni ya yangu, na ilimchukua muda.

"Alichukua jina ya yule mama wa maandazi," akasema. "Mapendo. Alikuwa Epulu, anapikia walinzi wa pori. Hiyo ni habari ya zamani. Sijui kama iko kule. Sijui kama iko muzima."

Mapendo. Niliingiza jina lile mimi mwenyewe, kwa vidole hivi vilivyofunguka kwenye kamba. Nililisema kwa sauti, nikalisifu, nikaingiza fishi inayofuata.

Nilimbusu mkono yule mzee. Aliniuliza mimi ni nani, kwa upole, kama anavyoulizwa mgeni. Mke wake akanishika bega.

Barabarani nilisimamisha moto-taxi ya kwanza. Dereva akazima injini ili anisikie.

"Epulu? Na moto-taxi hii?" Akacheka. "Mama, nakufikisha Komanda, kule utatafuta gari. Lakini Epulu ni mbali, na mvua imeshika. Uko na mutu unajua kule?"

"Niko naye," nikasema. "Namujua. Ni mudogo yangu."